Tosca ya mwaka 1953 na sauti yake iliyosafishwa upya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale ambayo wasikilizaji wa opera huyarudia kila wanapokutana na rekodi hii, wawe wageni kabisa au wameishi nayo miaka mingi. Yanaanza na mambo ya msingi na kuishia kwenye yale yanayowatatiza wachache. Jibu linapotegemea jibu lingine, namba ya swali husika imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. Ni rekodi gani hasa inayozungumziwa?

Ni opera ya Giacomo Puccini iitwayo Tosca, iliyorekodiwa mwezi Agosti 1953 katika jumba la Teatro alla Scala (La Scala) mjini Milano, Italia, ikiongozwa na Victor de Sabata pamoja na okestra na kwaya ya jumba hilo. Maria Callas anaimba nafasi ya Floria Tosca, Giuseppe di Stefano ni mchoraji Mario Cavaradossi, na Tito Gobbi ni Baroni Scarpia, mkuu wa polisi wa Roma. Mtayarishaji alikuwa Walter Legge, na fundi wa kusawazisha sauti alikuwa Robert Beckett. Uingereza ilitolewa kwa chapa ya Columbia, iliyokuwa mali ya kampuni ya santuri ya EMI, na Marekani kwa chapa ya Angel.

Inafaa kutaja mwaka kila unapoitafuta, kwa sababu Callas aliirekodi Tosca tena mjini Paris mwishoni mwa 1964 na mwanzoni mwa 1965, safari hiyo kwa stereo, yaani sauti ya njia mbili, kushoto na kulia, na watu wengi hununua moja wakidhani ni nyingine (tazama swali la 18).

2. Sijui lolote kuhusu opera hii. Inasimulia nini?

Inasimulia kisa cha chini ya siku moja mjini Roma, mwezi Juni 1800. Mchoraji anamficha mfungwa wa kisiasa aliyetoroka. Mkuu wa polisi anamkamata mchoraji na kumtesa ili mpenzi wake, mwimbaji Tosca, atoe siri na kisha auze mwili wake kwa ajili ya uhai wa mchoraji. Tosca anakubali kwa mdomo, anapokea hati ya usalama, kisha anamchoma Scarpia kisu. Asubuhi yake anagundua kwamba amri ya kumpiga mchoraji risasi za uongo ilikuwa yenyewe ni uongo. Opera ilioneshwa kwa mara ya kwanza tarehe 14 Januari 1900, pia mjini Roma, na sehemu zake tatu, ziitwazo matendo, hutokea mahali ambapo bado pamesimama: kanisa la Sant'Andrea della Valle, kasri la Farnese na ngome ya Sant'Angelo.

3. Kwa nini rekodi ya zamani kiasi hiki inaendelea kusifiwa wakati zipo nyingi mpya zenye sauti safi?

Kwa sababu watu wanne walikutana wakati ambao kila mmoja wao alikuwa katika kilele chake. Callas alikuwa na umri wa miaka 29, na sauti yake ilikuwa bado nzima kutoka chini hadi juu. Di Stefano alikuwa na miaka 32, na sauti yake ilikuwa bado na ule uwazi ambao baadaye ulififia. Gobbi alikuwa karibu kutimiza 40, na aliijua nafasi ya Scarpia kama mtu anavyoijua njia ya kwenda kwake. Wa nne ni De Sabata, na kwa maoni yangu yeye ndiye sababu kubwa zaidi. Hii ndiyo opera kamili pekee aliyoirekodi studio kwa ajili ya kuuzwa, na baadaye mwaka huohuo moyo wake uliugua kiasi kwamba kazi yake ya kuongoza ilikaribia kukoma. Hatuna Tosca nyingine yake ya aina hii, wala hatutaipata.

Walter Legge alieleza baadaye jinsi kazi ilivyokwenda. Gobbi alitakiwa kuimba sehemu zake za tendo la kwanza mara thelathini, akibadilisha mkazo hata wa silabi mojamoja, na Callas alitumia nusu saa nzima kwenye sentensi moja tu, ile anayoitamka juu ya maiti ya Scarpia: «E avanti a lui tremava tutta Roma», yaani, mbele ya mtu huyu Roma yote ilitetemeka. Kanda nyingi mno zilitumika, na De Sabata alipoombwa abaki ili asaidie kuchagua vipande vya kuunganishwa, alimjibu Legge kwamba kazi yake imekwisha na kwamba anamwachia vito ambavyo havijachongwa ili yeye ndiye atengeneze taji. Anayesikiliza rekodi hii akijua habari hiyo hutambua kwamba anachokisikia kilichaguliwa sentensi kwa sentensi, na bado kinakwenda kama usiku mmoja usiokatika.

4. Kusafisha sauti upya maana yake nini hasa?

Maana yake ni kurudi kwenye chanzo cha rekodi, ambacho kwa hii ni kanda mama ya sumaku, kuicheza kwenye mashine iliyosawazishwa vizuri, kuihamishia katika mfumo wa dijitali, na kisha kuamua la kufanya na kasoro zilizomo: mvumo, mikwaruzo, viungo vya kanda vinavyosikika, besi iliyozidi au iliyopungua. Hakuna mwimbaji anayerudia kuimba, na hakuna ala inayoongezwa. Neno «kusafisha» linaweza kupotosha, kwa sababu linamfanya mtu afikirie uchafu uliokaa juu ya kioo ambao ukifutwa kioo kinabaki vilevile. Katika kanda, kasoro na muziki vimeandikwa kwenye chembechembe zilezile za sumaku, na kila unapopunguza kimoja unagusa na kingine. Karibu ubishi wote kuhusu matoleo ya Tosca hii unatokana na jambo hilo moja.

## Sauti ya kanda yenyewe

5. Kwa nini rekodi hii ni mono, yaani sauti ya njia moja? Je, kuna kanda ya stereo iliyofichwa mahali?

Hapana, haipo. EMI ilianza majaribio ya dhati ya kurekodi kwa stereo baada ya kiangazi kile cha 1953, na santuri za stereo zilianza kuuzwa madukani mwishoni mwa muongo huo. Linalosikitisha ni kwamba ujuzi ulikuwa ndani ya nyumba hiyohiyo kwa zaidi ya miaka ishirini: mhandisi Alan Blumlein aliomba hataza ya kurekodi kwa njia mbili mwezi Desemba 1931, akiwa mfanyakazi wa EMI, lakini alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1942 na wazo lake likasubiri.

Hata hivyo, mono haimaanishi sauti isiyo na nafasi. Inakosa kushoto na kulia, ila ina mbele na nyuma, na De Sabata na Legge waliitumia nafasi hiyo kwa ustadi mkubwa. Mwanzoni mwa tendo la pili, Scarpia yuko chumbani akihoji huku kantata, yaani wimbo wa kwaya na okestra, ikiimbwa mbali, Tosca akiwa miongoni mwa waimbaji. Dirisha linapofungwa, sauti ile inakatika na chumba kinakuwa kizito ghafla. Hakuna stereo hapo, na bado msikilizaji anajua dirisha liko wapi.

6. Mwishoni mwa tendo la kwanza sauti inapasuka. CD yangu ni mbovu?

Si mbovu. Pale kwenye Te Deum, wimbo wa kanisa wa kumsifu Mungu, kuna kwaya, okestra nzima, kinanda cha kanisa, kengele na mizinga, na juu ya vyote kuna Gobbi akiimba tamaa yake katikati ya sala. Kanda ya sumaku ina kiwango cha juu inachoweza kubeba. Sauti ikizidi hapo, kilele cha wimbi hukatwa na tunasikia mkwaruzo. Kilichokatwa mwaka 1953 hakikuandikwa popote, kwa hiyo hakuna fundi wa leo anayeweza kukirudisha, bali anaweza kuulainisha mkwaruzo usichome sikio. Kila toleo lina kasoro hii kwa kiasi fulani. Toleo ambalo pale limekuwa laini sana kwa kawaida limepunguzwa sauti za juu, na ukisikiliza matoazi utagundua kwamba nayo yamepungua.

7. Ule mvumo unaosikika wakati wa ukimya ni nini, na kwa nini usiondolewe wote?

Ni mvumo wa kanda, unaotokana na chembechembe za sumaku kujipanga bila mpangilio. Hauna uhusiano na mikwaruzo ya sindano. Msikilizaji aliyewahi kusikia santuri za Siti binti Saad, ambazo kampuni ya HMV ilizirekodi Bombay kuanzia mwaka 1928, anaijua kelele ya aina nyingine, ile ya sindano ikipita juu ya sahani ngumu. Nazo zina uhusiano wa kweli na habari hii, kwa kuwa HMV na Columbia ziliungana mwaka 1931 na kuwa EMI. Ukiwa umezoea kumsikia Siti nyuma ya kelele ile, mvumo wa Tosca utauona kama upepo mdogo tu.

Unaweza kuondolewa karibu wote kwa programu za leo, lakini bei yake ni kubwa. Mvumo unakaa kwenye masafa yaleyale yenye pumzi ya mwimbaji kabla ya kuanza, ncha za konsonanti, kugusa kwa upinde kwenye nyuzi, na mwangwi unaofifia ukumbini baada ya noti kuisha. Programu haijui kutofautisha pumzi ya Callas na mvumo wa kanda kwa uhakika tunaoutaka. Inapokosea, sauti inabaki kama mtu aliyesimama mbele ya pazia jeusi: anaonekana vizuri, lakini chumba alichokuwamo kimetoweka. Mimi niko upande wa wale wanaoomba mvumo uachwe, na sababu yangu ni kwamba sikio huuzoea ndani ya dakika mbili, ilhali halizoei kamwe kukosa hewa.

8. Ukali ninaousikia kwenye sauti ya Callas unatoka kwenye kanda au ni wake mwenyewe?

Vyote viwili, na ni vigumu kuvitenganisha. Sauti ya Callas ilikuwa na makali ya asili, hasa anapoimba juu kwa nguvu. Hilo linathibitishwa na rekodi zake zote, za studio na za jukwaani. Lakini vipaza sauti na kanda za wakati ule viliongeza ugumu kidogo kwenye vilele, na fundi anayeinua sauti za juu ili okestra ing'ae humwongezea Callas makali asiyokuwa nayo. Kipimo ninachokitumia ni Gobbi. Ikiwa konsonanti zake zinachoma, basi ni kazi ya fundi. Ikiwa Gobbi anasikika kwa utulivu na Callas peke yake ndiye mkali, basi unamsikia Callas.

## Matoleo na maoni ya wasikilizaji

9. Kuna matoleo gani, na yanatofautianaje?

Santuri za kwanza zilitoka mwaka 1953. Katika miaka ya stereo zikafuata santuri zilizotiwa stereo ya bandia, ambazo nazizungumzia kwenye swali la 15. CD ya kwanza ilitoka katikati ya miaka ya 1980, EMI ikaisafisha tena mwaka 1997 kwa ajili ya mfululizo wa kumbukumbu za Callas, na toleo jingine likatoka mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Mwishoni mwa mwaka 2003 rekodi ilitimiza miaka 50, na wakati huo sheria za Ulaya zililinda rekodi kwa miaka hiyo tu. Kwa hiyo kampuni ya Naxos ilitoa toleo lake mwaka 2004, lililohamishwa na Mark Obert-Thorn kutoka kwenye santuri, si kanda mama. Baadaye Ulaya iliongeza ulinzi hadi miaka 70, lakini haikuzirudishia haki rekodi ambazo muda wake ulikuwa umekwisha.

Mwaka 2013 kampuni ya Warner ilinunua hazina ya EMI ya muziki wa klasiki, na Septemba 2014 ikatoa kasha la CD 69 lenye rekodi zote za studio za Callas, zilizohamishwa upya kutoka kwenye kanda mama katika studio za Abbey Road jijini London kwa biti 24 na kilohezi 96, vipimo vya dijitali vilivyo juu ya vile vya CD. Hilo ndilo toleo ambalo watu wengi hulisikia leo mtandaoni.

10. Wasikilizaji wanasema nini kuhusu toleo la 2014?

Wengi wanalipenda, na sababu wanazozitaja zinafanana: besi ya okestra imepata mwili, mistari ya filimbi na klarineti iliyokuwa imezama sasa inafuatika, maneno yanaeleweka hata kwa mtu asiyejua Kiitaliano anayefuata kijitabu cha maneno, na Gobbi anasikika akitabasamu kabla ya kutisha. Nakubaliana na yote hayo. Nilipolisikiliza mara ya kwanza, kilichonishangaza hakikuwa Callas bali mabesi ya nyuzi katika tendo la pili, yale yanayotambaa chini ya maneno ya Scarpia, ambayo katika CD yangu ya zamani yalikuwa ni ukungu tu.

Wanaopinga nao wana hoja. Wako wanaosema kwamba nyuzi za juu zimekuwa nyeupe mno na zinachosha baada ya nusu saa. Wengine wanalalamika kwamba kwenye sehemu za kimya, hasa mwanzo wa tendo la tatu, hewa ya ukumbi imepungua, na kwamba CD ya miaka ya 1980, pamoja na mvumo wake wote, inawapa hisia ya kuketi ndani ya La Scala. Lipo pia kundi dogo linalosema kwamba uwazi mpya umefichua viungo vya kanda, yaani mahali ambapo Legge aliunganisha vipande. Hoja hii ya mwisho ni ya kweli ila siioni kuwa lawama. Viungo vilikuwapo tangu mwanzo, na kuvisikia ni dalili kwamba havikufunikwa.

Kuhusu toleo la 1997 makubaliano ni mapana zaidi, nayo hayalipendelei: wengi wanaoyamiliki matoleo yote hulitaja kuwa kavu na lenye ukali, na hulirudia kwa nadra.

11. Kwa nini watu wenye masikio mazuri hawakubaliani hata kidogo?

Kwanza kabisa ni ukubwa wa sauti. Toleo lililorekodiwa kwa sauti kubwa kuliko jingine, hata kwa desibeli moja, husikika bora, na msikilizaji huamini kwamba amesikia uwazi kumbe amesikia nguvu. Kabla ya kulinganisha, chagua mahali pamoja katika muziki, mathalani akodi tatu za kwanza za opera, ambazo ni za Scarpia, na urekebishe volyumu mpaka zilingane. Mabishano mengi huisha hapo.

Sababu ya pili ni umri. Masikio hupoteza masafa ya juu kadiri miaka inavyokwenda, na kwa hiyo mzee wa miaka 65 na kijana wa miaka 25 hawasikii mvumo uleule. Kijana anaudhika na jambo ambalo mzee halisikii, na mzee anasifu mng'ao ambao kwa kijana ni mwiba. Wote wawili wanasema kweli.

Vifaa navyo vina sehemu yake. Sikio la binadamu ni jepesi zaidi kwenye masafa ya kilohezi 2 hadi 5, ambako ndiko makali ya soprano yanakokaa, na spika ndogo nyingi huyainua masafa hayohayo. Na mwisho kuna mazoea: mtu aliyejifunza opera kwa santuri fulani hubeba sauti ya santuri hiyo moyoni, na kila toleo jipya hulipima kwa ile ya ujana wake. Hilo si kosa. Ni upendo, na katika muziki upendo hauwezi kuwekwa kando.

12. Nichukue lipi?

Kama ni mara yako ya kwanza, chukua la 2014. Kama tayari unayo CD ya miaka ya 1980, usiiuze. La Naxos lina joto la santuri na lilifanywa kwa heshima, nalo linamfaa msikilizaji anayechoshwa na mng'ao.

## Namna ya kusikiliza

13. Nisikilize sehemu zipi ili niujue ubora wa toleo?

Anza na Te Deum kwa sababu zilizoelezwa kwenye swali la 6. Sikiliza kama kengele na mizinga vinabaki vitu viwili au vinageuka kelele moja. Kisha nenda kwenye «Vissi d'arte» ya tendo la pili, ambapo Callas anaanza kwa sauti ndogo karibu bila msaada. Katika toleo zuri utasikia pumzi yake na jinsi nyuzi zinavyomzunguka bila kumgusa. Katika toleo lililosafishwa kupita kiasi noti zinaanza na kuisha kama zimekatwa kwa mkasi.

Baada ya hapo sikiliza mauaji na ukimya unaofuata, hadi sentensi iliyotajwa kwenye swali la 3. Callas anaitamka chini sana, karibu na kuongea, na hapo ndipo chini ya sauti yake kunaonesha kama toleo limeiacha sauti nzito ya kifua au limeinyoa. Narudia sehemu hii kuliko nyingine yoyote. Ipo chuki ndani yake, ipo na hofu, na kuna kitu kama huruma ambacho sijawahi kukisikia kwa Tosca mwingine, na chote kimo kwenye sauti ndogo ambazo fundi mzembe angeweza kuzifuta kwa kuvuta kitufe kimoja.

Malizia na mapambazuko ya tendo la tatu: pembe, mtoto mchungaji akiimba kwa mbali, na kengele za makanisa ya Roma zikijibizana. Puccini alichunguza sauti halisi za kengele za mji huo, pamoja na ile kubwa ya Kanisa la Mtakatifu Petro, ili aziandike sawasawa. Kengele ni kipimo kikali cha usafishaji, kwa kuwa mwisho wa mlio wake hufifia taratibu hadi ndani ya mvumo. Sikiliza kama unafifia au unazimwa.

14. Je, faili za biti 24 na kilohezi 96 zinasikika tofauti na CD?

Kwa rekodi hii, tofauti kati ya toleo moja na jingine ni kubwa mno kuliko tofauti kati ya faili kubwa na CD ya toleo lilelile. CD ya kawaida, yenye biti 16 na kilohezi 44.1, inabeba zaidi ya kila kitu ambacho kanda ya 1953 inacho. Faida ya biti nyingi ni kwa fundi anapofanya kazi, kwa sababu hesabu zake haziachi mabaki. Kama bajeti yako ni ndogo, itumie kwenye spika au vipokea sauti vizuri.

## Maswali ya pembeni

15. Nimepata santuri iliyoandikwa stereo. Imekuwaje wakati rekodi ni mono?

Ni stereo ya bandia. Katika miaka ya 1960 na 1970 maduka yaliziogopa santuri za mono, na kampuni zikawa zinagawanya sauti moja mara mbili, upande mmoja ukipewa besi zaidi na mwingine sauti za juu, au upande mmoja ukicheleweshwa kidogo. Matokeo yake ni okestra inayoelea na mwimbaji asiyekaa mahali pamoja. Siipendekezi kwa yeyote.

Katika miaka ya karibuni yametokea matoleo ya rekodi za mono yanayoiacha sauti kuu katikati na kuongeza mwangwi wa ukumbi pembeni. Haya ni ya kistaarabu zaidi, na wapo wanaoyafurahia kwenye vipokea sauti vya masikioni, ambako mono hukaa katikati ya kichwa na kuchosha. Lakini mwangwi ule si wa La Scala ya 1953.

16. Toleo langu linasikika juu kidogo kuliko la rafiki yangu. Nani ana sauti sahihi?

Inawezekana kabisa kwamba mashine moja ilicheza kanda au santuri kwa kasi tofauti. Ongezeko la asilimia 6 la kasi huinua muziki kwa takriban nusu toni nzima, na hata asilimia moja husikika kwa mtu mwenye sikio la kupima, kwa kuwa sauti ya mwimbaji nayo hubadilika rangi na kuonekana changa zaidi. Linganisha muda: chukua kipande kilekile katika matoleo mawili na uangalie sekunde zake. Chenye muda mfupi ndicho kilichokimbia, ingawa hilo peke yake halikuambii kipi kiko sahihi mpaka upime noti kwa kinanda.

17. Kabla ya mpigo mkubwa nasikia kivuli chake kikipita. Ni nini?

Kanda iliyokaa imeviringishwa kwa miaka mingi huambukiza sumaku tabaka lililo jirani nayo, na kwa hiyo sauti kubwa huacha kivuli chake sekunde moja hivi kabla au baada. Fundi anaweza kukipunguza mahali palipo kimya. Ukikisikia, jua kwamba huenda chanzo cha toleo lako ni kanda iliyokaa ghalani, na kwamba hakuna mtu aliyeifunika kwa kuficha ukimya wenyewe.

18. Nikitaka stereo, nisikilize Tosca ipi?

Ile ya Callas ya Paris, iliyoongozwa na Georges Prêtre, Carlo Bergonzi akiwa Cavaradossi na Gobbi akirudia Scarpia, ina sauti pana na Gobbi bado ni bwana wa nafasi yake. Lakini sauti ya Callas ilikuwa imechakaa kwa miaka kumi na moja ya kazi ngumu, na noti za juu zinayumba. Kwa uzuri wa sauti ya stereo peke yake, ile ya Herbert von Karajan iliyorekodiwa Vienna mwaka 1962, Leontyne Price akiwa Tosca, ni ya kuogelea ndani yake.

19. Je, kuna picha za kuonesha Callas na Gobbi wakiigiza sehemu hizi?

Zipo. Tendo la pili lote lilirushwa kutoka jumba la Covent Garden, London, tarehe 9 Februari 1964, katika uzalishaji wa Franco Zeffirelli. Sauti yake haifikii ya 1953, na Callas ana umri wa miaka 40. Lakini ukiitazama na kisha ukarudi kwenye rekodi ya De Sabata, utatambua kwamba kila kituo cha macho na cha mkono kilikuwa tayari kimo katika sauti miaka kumi na mmoja kabla: anapokiona kisu mezani, pale Milano unasikia pumzi yake ikisimama.